Namba Tasa

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamenizoea nikichambua bajeti za wizara, miswada inayopelekwa bungeni na mabadiliko ya mitaala. Leo naomba ruhusa niandike juu ya jambo ambalo desturi yetu imeliweka chumbani na kulifungia mlango. Mimi na mume wangu tumo katika mwaka wa kumi wa ndoa. Tunataka mtoto, tumemtafuta kwa miaka tisa, na hadi ninapoandika maneno haya hatujampata. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu miaka hiyo imenifundisha kwamba yapo matumaini ambayo mtu hujijengea mwenyewe, na yapo matumaini ambayo raia anastahili kuyapata kutoka kwa dola yake. Na kwamba jamii yetu ina mazoea ya kuyasifu yale ya kwanza ili yale ya pili yasidaiwe.

Tuanze na hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kitaalamu, ugumba ni hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba takriban asilimia 17.5 ya watu wazima, yaani mtu 1 kati ya 6, hukumbana na hali hiyo katika kipindi fulani cha maisha yao, na kwamba tofauti baina ya nchi tajiri na nchi maskini ni ndogo. Mihadhara yangu ya mwaka wa kwanza huwa na wanafunzi kama 120. Kwa makadirio hayo, 20 kati yao wataipita njia hii, wake kwa waume. Leo wamekaa wanaandika notisi, wala hakuna anayejua kama ni yeye.

Kwetu mtu mzima hupewa jina na mtoto wake. Mwanamke akishajifungua, jina alilopewa na wazazi wake hupumzika, naye huitwa Mama Fulani hadi siku ya kuzikwa. Ni desturi nzuri na siipingi. Humkumbusha mtu kila anapoitwa kwamba yuko anayemtegemea. Lakini hebu itazameni kwa upande wa asiye na mtoto. Fundi cherehani anapofungua daftari aandike vipimo vya gauni huuliza, "Niandike mama nani?" Nesi wa mapokezi huuliza. Balozi wa mtaa anayepitisha daftari la rambirambi huuliza. Nikitaja jina langu hupita kimya kifupi, kisha sauti hushuka: "Basi Mungu atakujalia, mama." Nimeombewa dua hiyo na watu wengi mno, karibu wote wakiwa na nia njema. Mume wangu naye, kwenye kijiwe cha kahawa, wenzake ni Baba huyu na Baba yule. Yeye huitwa Mpima, kwa kuwa kazi yake ni kupima ardhi.

Lugha haikutuacha salama. Tuna methali isemayo kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika kikao kimoja nilipinga watoto wa darasa la kwanza kuchapwa viboko. Mjumbe mmoja hakujibu hoja yangu. Alinitupia methali hiyo, wajumbe wakatazama meza, mjadala ukaishia hapo. Mtu anaweza kuwa amesoma saikolojia ya mtoto kwa miaka minane, akawafundisha mamia ya walimu, na bado akanyimwa haki ya kusema neno juu ya watoto kwa sababu ya hali ya mirija yake ya uzazi.

Sasa niwapeleke darasani. Ninafundisha mbinu za kufundishia Hisabati kwa walimu watarajiwa. Kila Alhamisi mchana chumba chetu cha semina hugeuka karakana. Wanafunzi huleta maboksi ya sabuni, vijiti vya mishikaki, mbegu za ubuyu, kamba za katani, na magunia ya vifuniko vya soda walivyookota kwenye grosari. Gundi tunapika wenyewe: unga wa muhogo hukorogwa kwanza kwa maji baridi, kisha huwekwa motoni na kukorogwa bila kupumzika mpaka upoteze weupe wake na kuanza kung'aa. Tunachonunua ni karatasi za manila na kalamu za rangi tu. Vifuniko huoshwa, hugongwa nyundo hadi vikalala, kingo zake zikakunjiwa ndani ili visikate vidole vya watoto, kisha hutobolewa kwa msumari na kutungwa kumi kumi kwenye kamba. Kamba kumi ni mia moja. Mtoto aliyeshika mia moja mkononi mwake, akaisikia inavyolia, hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba mia ni kubwa kuliko kumi.

Napenda mchana huo kuliko saa nyingine yoyote ya juma. Chumba hujaa kelele za nyundo na ubishi wa wanaogombania mkasi. Yuko kijana mmoja, mwenye mabega ya mbeba magunia, aliyekuja akiamini kwamba sindano ni chombo cha dada zake. Alikata saa ya boksi, akaunganisha mishale yake kwa uzi na kifungo cha shati, akaizungusha hadi saa tatu kamili, akacheka peke yake kama mtoto aliyeshinda mchezo. Wengi wao watapangiwa shule zenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, ambako kabati la zana litakuwa tupu au halitakuwepo. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ambayo mkono na akili havikutengana. Shule nyingi ziliupokea wito huo kwa kumpa mtoto jembe tu. Karakana yetu ya Alhamisi ni jaribio dogo la kuusoma wito huo upya, na hutuletea furaha isiyongoja fungu la fedha kutoka popote.

Ni katika karakana hiyo ambapo kila mwaka hufika somo la aina za namba. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anazikumbuka: namba shufwa, namba witiri na namba tasa. Ninawapa kila kundi vifuniko 12 na kuwataka wavipange katika safu zilizo sawa. Wanapata safu 2 za vifuniko 6, na safu 3 za vifuniko 4. Kisha nawapa vifuniko 7. Wanahangaika, wanabishana, wanagundua kwamba havikubali kupangwa isipokuwa katika mstari mmoja. Hiyo, nawaambia, ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Daima yuko anayeguna, na yuko anayenitazama kwa jicho la wizi aone kama neno limenichoma, kwa kuwa wanafunzi hujua habari za walimu wao. Tasa ndilo neno tunalomwita mwanamke asiyezaa, na ndilo tunalowaandikia watoto ubaoni. Mwaka jana binti mmoja aliuliza waziwazi: "Madam, hatuwezi kuzitafutia jina jingine?" Nilimwambia tuendelee na zoezi kwanza. Nikawataka wachukue namba yoyote waipendayo na kuivunjavunja hadi isivunjike tena. 12 ikawa 2 mara 2 mara 3. 30 ikawa 2 mara 3 mara 5. 84 ikawa 2 mara 2 mara 3 mara 7. Walipomaliza waliona wenyewe kile ambacho wanahisabati wamekijua tangu kale: hakuna namba nzima kubwa kuliko 1 isiyojengwa kwa namba tasa. Sikuongeza neno. Hesabu ni hesabu, wala haikutungwa ili kuwafariji watu. Lakini yule binti aliandika pembeni mwa daftari lake jambo ambalo hakunionyesha, na mguno haukusikika tena mchana ule.

Nyumbani kazi ya mikono ni nyingine. Shangazi yangu ni mtu wa Rufiji. Katika mwaka wetu wa tatu wa kutafuta alikuja Dar es Salaam kunitazama, akiwa amebeba mzigo wa ukindu begani. Yeye hakuzaa. Amelea watoto saba wa ndugu zake, nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka mitatu, baba yangu alipohamishwa kikazi. Hakuwahi kunihoji juu ya tumbo langu, wala hakuniletea chupa ya dawa. Alichoniletea ni ncha ya ukili aliouanza mwenyewe, akaniambia niuendeleze.

Kwa wasioijua kazi hii, niieleze kidogo. Ukindu huchumwa ungali mchanga, kabla jani halijafunguka, kisha huanikwa juani hadi ukaribie weupe. Huchanwa chane nyembamba zenye upana mmoja. Zinazotakiwa kuwa na rangi hutoswa katika sufuria ya maji ya moto yaliyotiwa rangi ya unga, zambarau, kijani au nyekundu. Kabla ya kusukwa huloweshwa kidogo zisikatike. Na kinachosukwa hasa si mkeka. Ni ukili, utepe mrefu unaoviringishwa kadiri unavyorefuka. Mkeka mmoja wa kulalia hula ukili wa pima nyingi. Ukili ukitosha ndipo huchukuliwa shazia, ile sindano kubwa, kuuunganisha ubavu kwa ubavu hadi upana utimie. Kwa mtu mwenye ajira, anayesuka usiku na siku za mapumziko, mkeka ni kazi ya miezi. Nilipolalamika kwamba mishono yangu imepinda, shangazi alisema, "Fumua, mwanangu. Ukindu hauna kinyongo."

Mume wangu hasuki. Yeye hutengeneza tiara kwa magazeti ya zamani na njiti za makuti, akizifunga mkia wa vitambaa. Jumamosi jioni watoto wa majirani hujaa barazani kwetu, wengine wakisubiri tiara, wengine wakichambua chane zangu kwa rangi. Huniita Anti. Kuna wanaopita njiani wakatutazama kwa huzuni, kana kwamba tunacheza maigizo ya kitu tulichokikosa. Hatuigizi. Ni Jumamosi yetu halisi, na watoto hao wana wazazi wao wanaowaita saa ya kula ikifika. Na kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, niseme pia kwamba ziko Jumamosi ambazo kicheko cha mtoto kilinielemea, nikaingia ndani na kurudisha mlango. Furaha na uchungu huu hukaa nyumba moja. Sijaona kimoja kikimfukuza mwenzake.

Mwaka juzi tuliuza kiwanja tulichokuwa tumekinunua kwa ajili ya kujenga, tukajaribu urutubishaji wa yai nje ya mwili. Kwa siku kadhaa nilijidunga sindano tumboni kila jioni saa ile ile. Mayai yakavunwa, yakakutanishwa na mbegu za mume wangu maabara, na kiinitete kimoja kikapandikizwa. Kisha zikaja siku 14 za kungoja kipimo cha damu. Katika siku hizo nilisuka sana, kwa sababu mikono iliyoshika chane haiwezi kushika simu kila dakika kutafuta dalili. Siku ya 14 tulipigiwa. Haikushika. Mume wangu alikwenda kusimama uani kwa muda mrefu, aliporudi alikuwa ameshika njiti za makuti ambazo hakuzifanyia kitu. Mimi sikugusa ukili kwa miezi miwili. Ulikaa kwenye kona ya sebule, umeviringwa, na hakuna aliyeuhamisha.

Niliurudia usiku mmoja bila sababu kubwa. Umeme ulikuwa umekatika na sikuwa na la kufanya. Nilipoufungua niliona kwamba kila nilichokisuka kabla ya simu ile kilikuwapo, kizima, kama nilivyokiacha. Usiku ule nilielewa kwa nini kazi hii inanifaa. Mtu anayetafuta mtoto hupimiwa maisha yake kwa mizunguko ya siku 28. Kila mzunguko huisha kwa hukumu, na hukumu ikiwa mbaya, siku zote 28 huonekana kuwa hazikuwa na maana, naye huanza upya kutoka sifuri. Ukili una kipimo tofauti. Nilichosuka jana ni msingi wa ninachosuka leo, hata kama jana nililia nikisuka. Karakana nayo ni hivyo: vifuniko vilivyotungwa na wanafunzi wa mwaka ule bado vinahesabiwa na watoto wa shule nisizozijua. Matumaini yangu yanakaa hapo. Sisemi nina hakika kwamba mtoto atakuja. Nasema kwamba siku zangu za kumngoja ni siku za kuishi, nami sikubali kuzihesabu kama hasara.

Hapa nawaomba wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wasinielewe vibaya. Sisemi kwamba tiba ya ugumba ni kusuka mikeka. Hayo niliyoyasimulia ni yangu. Niliyajenga mwenyewe, na mwingine atajenga yake kwa ufinyanzi, bustani au kwaya. Ninachokikataa ni pale subira ya raia inapogeuzwa kuwa sera. "Subira yavuta heri" ni methali nzuri ikisemwa na shangazi. Ikisemwa na mfumo wa afya, maana yake ni kwamba hakuna huduma.

Mtoto wa kwanza aliyezaliwa kwa njia tuliyoijaribu sisi, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Robert Edwards, mmoja wa wanasayansi walioiwezesha njia hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2010. Elimu hiyo, basi, si ngeni tena. Na kisiasa pia hatuna ugeni. Katika mkutano wa Cairo wa mwaka 1994 kuhusu idadi ya watu na maendeleo, serikali za dunia zilikubaliana kwamba huduma za afya ya uzazi zinahusu pia kuzuia ugumba na kuutibu ipasavyo. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania imeiridhia, inatambua haki ya mwanamke kuamua kama atazaa, watoto wangapi na kwa kupishana muda gani. Tumeitekeleza haki hiyo upande mmoja. Tangu UMATI ilipoanzishwa mwaka 1959 nchi yetu imejenga elimu ya uzazi wa mpango, na leo huduma zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Ni kazi njema iliyookoa maisha ya wanawake wengi. Lakini anayepanga kuzaa na asiweze, naye ana mpango. Aende wapi?

Wapo wanaosema kwamba nchi yenye watu 61,741,120, kwa Sensa ya 2022, haina haja ya kuhangaikia wasiozaa. Hoja hiyo inadhani kwamba haki ya mtu hupungua majirani zake wakiwa wengi. Pia inasahau historia yetu wenyewe. Buhaya, kandokando ya Ziwa Victoria, ilijulikana katika enzi ya ukoloni kwa uzazi mdogo. Watawala na wamisionari waliogopa, wakahubiri juu ya tabia za wanawake. Chanzo kikubwa kilikuwa maradhi ya zinaa yasiyotibiwa. Dawa za antibiotiki zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, uzazi ukaongezeka. Kile kilichoitwa aibu ya wanawake kilikuwa ugonjwa uliokosa dawa.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Sehemu kubwa ya ugumba barani Afrika hutokana na maambukizi yanayoziba mirija: klamidia na kisonono visivyotibiwa mapema, uzazi usio salama, utoaji mimba wa vichochoroni. Hayo yote yanazuilika katika zahanati ya kawaida. Na karibu nusu ya visa vyote mwanamume huchangia, peke yake au pamoja na mwenzake. Hata hivyo, tulipoanza safari yetu, kliniki ya kwanza ilikuwa na benchi la wanawake watupu na fomu isiyo na mahali pa kuandika habari za mume. Mume wangu alikuwa pale tangu siku ya kwanza, akiwa ameomba ruhusa kazini, na aliambiwa asubiri nje. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi na hakina maumivu. Wanawake wangapi wanapitishwa kwenye vipimo vya kuumiza, kisha wanarudishwa kwao kwa kukosa kizazi, na mwanamume hajapimwa?

Pengo hilo linajazwa haraka. Tazameni nguzo za umeme katika mji wowote: kibao kimoja, namba moja ya simu, tiba ya ugumba, mapenzi, mitihani na wizi wa mazao. Watu wenye digrii hupiga namba hizo usiku. Siwacheki. Mtu akikuta mlango wa hospitali umefungwa atagonga mlango ulio wazi.

Upande wa bima, kadi yangu ililipia vipimo vya mwanzo, kisha nikaambiwa dirishani kwamba kutopata mimba si ugonjwa. Kadi hiyo hiyo ingenilipia kujifungua. Upande wa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku zisizopungua 3. Ni haki, nami nimewasimamia masomo wenzangu walipokuwa likizo hiyo kwa moyo mweupe. Lakini anayetakiwa kliniki mara nne ndani ya majuma mawili huzikata siku hizo katika likizo yake ya mwaka, au hutunga ugonjwa mwingine wa kumwambia mkuu wake.

Sidai serikali imlipie kila mtu maabara ya gharama kubwa kuanzia kesho. Nimechambua bajeti za kutosha kujua ukubwa wa mfuko. Nadai mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu. Maambukizi ya via vya uzazi yatafutwe na kutibiwa mapema katika zahanati, bila kumdhalilisha anayekuja kupimwa. Hospitali za wilaya ziwe na vipimo vya msingi vya ugumba, na wenzi wote wawili waitwe siku ya kwanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, uchunguzi na tiba za awali za ugumba viwemo katika vitita. Na waajiri, wakiongozwa na serikali yenyewe, watoe ruhusa ya kliniki ya uzazi bila kumlazimisha mtumishi kusimulia mwili wake. Kwa wanaharakati wenzangu nina ombi moja: tumeandamana kwa ajili ya wanaofariki wakijifungua, na tutaandamana tena, tuwape nafasi katika bango letu na wale wanaotamani kufika huko wodini.

Na sisi wawili tuko wapi? Daktari anatuambia tuna nafasi ya jaribio jingine, na umri wangu hauturuhusu kulichelewesha sana. Tumeweka akiba, bado haijatosha. Wakati huo huo tumefika ofisi ya ustawi wa jamii kuulizia utaratibu wa kuasili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mume wangu alimweleza afisa jambo ambalo tulikuwa tumelizungumza usiku mwingi: mtoto atakayekuja kwetu kwa njia hiyo hatakuja kufuta machozi ya mtu, atakuja kwa sababu anahitaji nyumba, nasi tunayo. Huenda njia zote mbili zikafunguka, huenda ikafunguka moja. Huenda tukazeeka tukiwa Anti na Anko wa mtaa mzima, kama shangazi yangu alivyozeeka akiwa mama wa watu saba.

Mkeka sasa umefika upana wa kulaliwa na mtu mmoja na nusu. Shangazi anasema ukiishia hapo ni wa mtoto, nikiongeza pima chache ni wa mgeni. Nimeamua kuongeza, kwa kuwa mkeka mpana hulaliwa na wote. Kesho ni Alhamisi. Mwaka wa pili wameahidi kuleta gunia la vifuniko, nami nimeshaloweka unga wa gundi.